Redio Ndogo na Usemi wa Ugogo

Historia za stesheni ndogo za redio, katika Tanzania na katika nchi jirani, zimezoea kuandikwa kwa namna moja. Hutajwa mwaka wa leseni, urefu wa mlingoti, nguvu ya mtambo kwa hesabu ya wati, jina la mfadhili, na siku ambayo mgeni wa heshima alikata utepe. Yote hayo ni kweli, na ni haki yaandikwe. Walakini hiyo ni historia ya chombo, si historia ya sauti iliyopita katika chombo. Msomaji amalizapo kurasa hizo hajui bado kituo kilisema namna gani, kwa lugha ya nani, na kilimwita msikilizaji wake kwa jina lipi. Ni kama mtu aandikaye habari za soko akataja mabati ya paa na idadi ya nguzo, asitaje bidhaa wala bei.

Upungufu huo haudhuru sana panapohusika redio ya taifa, kwa maana sauti ya redio ya taifa yajulikana na kila mtu, na wengi wameieleza. Hudhuru zaidi panapohusika redio ya mtaa, ambayo sababu yake ya kuwako ni usemi wa mahali. Ukiondolewa usemi huo, redio ya mtaa haibaki na kitu cha kuitofautisha na redio kubwa ila udogo wake.

Mahali pa kulichungulia jambo hili vizuri ni Ipagala, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi uamuzi huo ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Serikali ilianza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Katika mitaa kama Ilazo, ndani ya kata hiyo ya Ipagala, karani aliyetoka Dar es Salaam, mwalimu aliyetoka Kagera na fundi aliyetoka Singida wamepanga nyumba ukuta kwa ukuta na Mgogo ambaye babu yake alilima uwele mahali hapohapo. Katika jiji hilo zimesikika stesheni kadhaa za masafa ya FM, miongoni mwao Dodoma FM, Nyemo FM na Mwangaza FM. Linalohakikiwa hapa si mwenendo wa kituo kimoja kati ya hivyo, bali desturi ya utangazaji ambayo vituo vingi vya nchi vimeirithi bila kuichagua.

Kwanza yafaa kusema neno juu ya masafa yenyewe, kwa sababu tabia ya mawimbi ina maana katika habari hii. Mawimbi ya kati, ambayo redio ya taifa iliyatumia kwa miaka mingi, hufuata mgongo wa ardhi, na usiku hurudishwa chini na anga ya juu, hata mchunga ng'ombe aliye mbali mamia ya kilomita akayapata. Mawimbi ya FM hayana safari hiyo. Huenda karibu sawa na mwanga, kwa mstari ulionyoka, na yakikuta mlima hukoma. Mlingoti wa mita 50 uliosimama juu ya ardhi tambarare hautazami mbali zaidi ya kilomita 30 na kidogo. Kuongeza nguvu ya mtambo hukaza sauti ndani ya duara hilo kuliko kulipanua. Uwanda wa Dodoma ni tambarare, lakini umepandwa vilima vya mawe, na kila kilima kina kivuli chake nyuma. Kwa hiyo stesheni ya jijini iliyo na mlingoti wa kadiri husikika vizuri Ipagala na Nzuguni, hufika Chamwino ikiwa imechoka, na Kongwa na Mpwapwa haziipati kabisa mpaka mlingoti upandishwe mlimani. Ni duara dogo. Lakini mwanaisimu akilitazama huona kwamba ndilo duara ambalo ndani yake watu husemezana, huoana na huuziana mbuzi. FM, kwa maumbile yake, ni redio ya lahaja.

Udogo wenyewe si jambo geni katika historia ya utangazaji wa nchi hii. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa stesheni ya mji mmoja, isiyosikika mbali na mji huo. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Hivyo sauti ya mji mmoja ikakua ikawa sauti ya nchi, nayo ikaenda na lafudhi yake. Haikuwa hasara. Kiswahili sanifu, kilichowekwa msingi juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati iliyoundwa mwaka 1930, kilikuwa kimekaa katika vitabu vya shule; redio ndiyo iliyokipa koo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, isingewezekana kwa lugha mia na zaidi. Mtu asemaye leo juu ya redio na lugha za makabila asipoanza kwa kuikiri kazi hiyo, hasemi kwa haki.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, lakini iliwawekea mpaka: kituo cha mtu binafsi hakikuruhusiwa kufika zaidi ya robo ya nchi. Radio One na Radio Tumaini zilianza mwaka 1994, zote mbili Dar es Salaam. Kilichofuata kilikuwa kama mchezo wa mwaka 1951 kurudiwa upya. Stesheni za mji mmoja, zikizungumza Kiswahili cha mji huo, zikawa mfano wa kuigwa na nchi nzima, safari hii si kwa amri bali kwa mvuto. Kijana wa Dodoma aliyetaka kuwa mtangazaji alijifunza kazi kwa kusikiliza sauti za Dar es Salaam. Alipopewa kipaza sauti chake mwenyewe, alitoa sauti hizo.

Kabla ya kurudi Ipagala ni lazima kupita kwa majirani, kwa kuwa swali la lugha ya redio ndogo limekwisha kujaribiwa huko, na majibu yake yamekuwa makali.

Homa Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1982 stesheni ya FM kwa msaada wa UNESCO. Mtambo wake ulikuwa wa wati 10 tu, nguvu isiyotosha kuwasha taa kubwa ya chumbani, na lugha yake ilikuwa Kijaluo. Mara nyingi imetajwa kuwa redio ya jamii ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1984 ilifungwa na Serikali. Wasimulizi wengi wa habari hii hukaa juu ya bei ndogo ya mtambo, na kweli ilikuwa ajabu ya ufundi. Lakini hakuna serikali iogopayo wati 10. Kilichotia hofu ni kwamba watu walikuwa wakisemezana hewani kwa lugha ambayo mji mkuu haukuisikia. Historia ya Homa Bay iliyoandikwa kwa wati haiwezi kueleza kufungwa kwake. Iliyoandikwa kwa lugha yaweza.

Hofu hiyo ilipata ushahidi baadaye, au ilidhaniwa kuwa imeupata. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, redio za lugha za makabila zilishutumiwa kwa kuchochea mauaji, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 5 Aprili 2016 mahakama hiyo iliifuta kesi kwa uhaba wa ushahidi. Mfano mwingine utajwao kila mara ni RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993 na kutangaza chuki mpaka katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wakuu wake walihukumiwa Arusha mwaka 2003. Lakini mfano huu hutajwa bila kutazamwa. RTLM haikutangaza kwa lugha ya kabila moja. Ilitangaza kwa Kinyarwanda, lugha ya taifa, iliyosemwa na aliyeua na aliyeuawa. Kama RTLM yafundisha jambo lolote kuhusu lugha, basi ni kwamba umoja wa lugha si kinga.

Na mpakani hapohapo, upande wa Tanzania, pana jibu ambalo halitajwi inavyostahili. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, kwa ajili ya wakimbizi waliojaa makambini. Ilisema Kiswahili, na ilisema pia Kirundi na Kinyarwanda, lugha ileile iliyokuwa imetumiwa kuua mwaka uliotangulia, nayo ikatumiwa kumwambia mama mahali pa kupata maji na dawa ya mtoto. Huko Terrat, katika wilaya ya Simanjiro, Orkonerei nayo imesikika kwa Kimaasai pamoja na Kiswahili, na umoja wa Tanzania haukupasuka kwa ajili hiyo.

Sasa Dodoma. Kanuni za utangazaji za nchi zataka kituo kitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine yoyote yahitaji idhini. Sababu yake ni ile iliyokwisha kutajwa, na si sababu ya kudharauliwa. Lakini kanuni hukataza kusema Kigogo. Haikatazi kusema Kiswahili kama kisemwavyo Ugogo. Hapo ndipo lawama inapohama kutoka kwa Serikali kwenda kwa watangazaji, na ndipo uhakiki unapopaswa kuanza.

Sikiliza, mathalan, salamu. Mtangazaji wa Dodoma hupenda kufungua kipindi kwa "Mbukwenyi". Neno hili ni la Kigogo, na umbo lake lina elimu ndani yake: mtu mmoja husalimiwa "Mbukwa", na watu wengi "Mbukwenyi", kwa mwisho unaofanana na ule wa Kiswahili katika "karibuni" na "njooni". Mwenye kulitumia hewani amechagua wingi. Amewaona wasikilizaji kama kikao kilichoketi chini ya mti, wala hakumwona kila mmoja peke yake na redio yake sikioni, kama afanyavyo mtangazaji wa Dar es Salaam asemapo "mpenzi msikilizaji". Ni tofauti nzuri, na mtu angetazamia kwamba kipindi kilichofunguliwa hivyo kitaendelea kama kikao: kwa kuulizana, kwa kungojana, kwa mzee kupewa nafasi ya kumaliza neno. Aghalabu haiwi hivyo. Baada ya salamu mtangazaji hurudi mbio katika usemi wa vijana wa pwani, wenye "kiki" na "kula bata" na maneno ya Kiingereza yaliyokatwa mikia. Mgogo amepigiwa hodi mlangoni, na mpiga hodi amekwenda zake.

Jambo la pili ni majina ya mahali, na hili si dogo kama lionekanavyo. Jina Ipagala lenyewe huanza na i-, ambayo katika Kigogo ni alama ya umoja wa ngeli iliyo sawa na ngeli ya ji- na ma- ya Kiswahili; Itega, Ihumwa, Ilazo na Iyumbu huonyesha sura hiyohiyo. Chigongwe, Chihanga na Chilonwa zina chi-, nduguye ki- ya Kiswahili. Mtu azunguukaye Dodoma akisoma vibao vya barabara amekwisha kusoma robo ya sarufi ya Kigogo bila kujua. Majina hayo husalimika hewani kwa sababu sauti zake ni sauti za Kiswahili pia. Lakini Kigogo kina king'ong'o cha pumzi ambacho Kiswahili hakina: mahali ambapo lugha nyingi za Kibantu zina mp, nt na nk, chenyewe kina mh, nh na ng'h. Kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma ndiyo inayoumia. Vibao huiandika kwa namna nyingi, Ng'hong'hona, Nghonghonha, na nyinginezo, na hewani yageuka kuwa "Ngongona", neno lisilo na maana katika lugha yoyote.

Huenda mtu akauliza: kuna hasara gani? Hasara yake yaweza kupimwa kwa jina la Mpwapwa. Wenyeji waliita mahali hapo Mhamvwa. Misafara ya karne ya 19 haikuweza au haikutaka kuitamka mh hiyo. Ikasema Mpwapwa, wasafiri wa Ulaya wakaandika walichosikia kwa wapagazi, ramani zikafuata vitabu, na ofisi zikafuata ramani. Dodoma yenyewe, wasemavyo wenyeji, yatokana na "idodomya", yaani imezama, kwa kisa cha tembo aliyedidimia matopeni. Reli ya kati ilipopita hapo kabla ya vita ya mwaka 1914, neno lilikuwa limekwisha kukatwa likawa jina la stesheni ya gari la moshi. Misafara na reli zilihitaji miaka mingi kubadilisha jina. Redio hulitamka jina mara kumi kwa siku, na mtoto aliyezaliwa Ipagala kwa wazazi waliotoka mbali hana mwalimu mwingine wa kumwambia lilivyo. Katika jambo hili stesheni ndogo ina uwezo kuliko shule, na hakuna kanuni iizuiayo kutamka jina la kata yake sawasawa.

La tatu ni habari za mvua, na hapa si suala la uzuri wa lugha tena. Ni suala la chakula. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Aprili, na jumla yake kwa kawaida ni milimita 500 na kitu, mara nyingi ikiwa na pengo la ukame katikati ambalo huunguza mahindi na kuwaacha wenye uwele na mtama wakiwacheka wenye mahindi. Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa maneno yaliyokwisha kuwa sanamu: mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani, au za wastani hadi juu ya wastani. Kwa mtaalamu maneno hayo yana maana kamili. Mvua za miaka mingi zimepangwa kwa kiasi na kugawanywa mafungu matatu, na utabiri hutaja mafungu yenye nafasi kubwa ya kutokea. Lakini "wastani" kwa mkulima ni neno la mwalimu wa hesabu. Yeye huuliza mengine: mvua ya kwanza niiamini nipande, au itanidanganya? Pengo la katikati litakuja kabla ya palizi au baada yake? Nipande mahindi hata kidogo?

Redio ya taifa yaweza kusamehewa ikisoma tangazo hilo kama lilivyo, kwa sababu husomea Bukoba na Mtwara kwa pumzi moja. Redio ya Dodoma haina msamaha huo. Mvua yake ni moja, mazao yake yajulikana kwa majina, na katika kila kata pana Afisa Ugani awezaye kuulizwa. Na bado tangazo husomwa neno kwa neno, pengine kwa haraka, katikati ya nyimbo mbili. Mtangazaji huogopa kugusa maandishi ya Serikali, na hofu hiyo yaeleweka. Dawa yake ni kuyasoma kwanza yalivyo, kisha kumwita mkulima mzee na Afisa Ugani wayajadili mbele ya kipaza sauti kwa Kiswahili cha shambani. Hayo ndiyo waliyoyafanya washiriki wa vikundi vya mwaka 1973 baada ya kuzima redio. Stesheni ndogo ina bahati ya kuyafanya redio ikiwa inawaka.

Namna hiyohiyo huonekana katika habari za afya. Trakoma, ugonjwa wa macho uliowasumbua watu wa Kongwa hata wilaya hiyo ikajulikana kwa watafiti wa dunia nzima, huitwa na watu vikope, kwa sababu kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Neno hilo ni Kiswahili safi, nalo laeleza ugonjwa kwa usahihi kuliko lile la Kiyunani. Tangazo lisemalo trakoma na kunyamaza limemwambia msikilizaji kwamba ni ugonjwa mpya, wa watu wengine.

Imebaki nyimbo. Kigogo kisichoweza kusemwa huweza kuimbwa, na kwa njia hiyo lugha huingia studioni kwa mlango wa nyuma. Ugogo una utajiri wa muziki kupita sehemu nyingi za nchi: marimba yenye vijiti vya chuma, zeze, kwaya za sauti zilizopandana, na ngoma ya muheme ambayo wanawake ndio waipigao. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya Ulaya na Marekani kutoka Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Stesheni za Dodoma huupiga, na zastahili shukrani. Lakini hupigwaje? Muheme hutangazwa kuwa "ngoma ya asili". Wimbo wa kutahiri hutangazwa kuwa "ngoma ya asili". Wimbo wa zeze wa mzee mmoja aliyeketi kitini, asiyekuwa na ngoma yoyote karibu yake, nao ni "ngoma ya asili". Neno moja limekuwa gunia. Kanuni haikumkataza mtangazaji kuueleza wimbo kwa Kiswahili: jina lake, mahali utokapo, mwenye haki ya kuuimba, na neno lile katikati lililowachekesha akina mama. Mgeni wa Ilazo angejifunza, na Mgogo angeona kwamba chake kimejulikana jina. Kuupiga wimbo bila maelezo ni kumleta mgeni barazani na kutomtambulisha.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema kwamba Ipagala ya leo si ya Wagogo peke yao, na redio inayojitia Ugogo itawatupa waliohamia. Neno hili lingekuwa na nguvu kama ingedaiwa redio ya Kigogo. Kinachodaiwa ni Kiswahili chenye makao. Karani kutoka Dar es Salaam anaweza kupata sauti ya Dar es Salaam kwa kugeuza kitufe, kwa maana stesheni kubwa za huko husikika Dodoma pia. Stesheni ndogo ikimpa nakala hafifu ya sauti hiyo, haikumpa kitu. Asichokipata mahali pengine ni maelezo ya mahali alipohamia: korongo lipi hujaa usiku mvua ikinyesha, zabibu huvunwa lini, kwa nini jirani yake hula mlenda kila siku na akamwambia kwamba siku isiyo na mlenda hakula.

La pili ni zito zaidi. Wengine huona kwamba Kiswahili chenye rangi ya kila mahali kitavunja usanifu uliojengwa kwa kazi ya miaka mingi, na kwamba Taasisi za Kiswahili zingekuwa za mwisho kulishauri hilo. Lakini Kiswahili sanifu kinavunjwa na mengine. Usemi wa pwani wa vijana unaoigwa na stesheni za bara si sanifu, wala hakuna mtu aliyeuchagua. Umeenea kwa mvuto wa mji mkubwa tu. Kati ya usemi wa mtaa wa Dar es Salaam uliohamishwa Dodoma na usemi wa mtaa wa Dodoma uliokaa kwao, wa pili hukilisha Kiswahili zaidi. Mlenda, tembe la udongo na korongo vimekwisha kuingia kamusini au kuukaribia mlango wake. Yako mengine mengi ya mvua, mifugo na udongo ambayo Kiswahili cha pwani hakikuyahitaji, na Kiswahili cha nchi kinayahitaji. Redio ndogo ndiyo mzani wa kuyapimia, kwa kuwa humo neno husikika likitumiwa na watu wasiojua kwamba wanatazamwa.

Ndipo linapokuja swali la kumbukumbu, ambalo waandishi wa historia za stesheni hawalisemi hata kidogo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi muziki, wa Wagogo ukiwamo, na sauti hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Radio Tanzania nayo ilitunza kanda zake kwa miaka mingi, na Shirika la Utangazaji Tanzania likazirithi. Stesheni ndogo ya FM haina kanda. Sauti zake hukaa katika kompyuta mpaka nafasi ijae, kisha hufutwa ili kupisha nyingine, na matangazo ya biashara hubaki muda mrefu kuliko mahojiano kwa sababu yamelipiwa. Hivyo mtafiti wa leo aweza kumsikia Mgogo wa mwaka 1950, maadamu ana nauli ya kwenda Makhanda; kikao kilichosikika hewani mwaka jana na mtu aliyeketi Ipagala hawezi kukisikia.

Kazi hii haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Saa moja ya mazungumzo kwa juma, ikiwekwa kwa tarehe na majina ya mahali yaliyotamkwa na wenyeji, hujaza sehemu ndogo ya kifaa kitoshacho mfukoni. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kina wanafunzi wa isimu, na mwendo wa miguu kutoka madarasani kwao wako wazee wa Ng'hong'hona wajuao jina la kata yao linavyotamkwa.